Beta kwanza kwa mkono, MAD-X baadaye

Anayeanza fizikia ya mashine za kuongeza kasi ya chembe siku hizi hukabidhiwa programu iliyokwisha kukamilika. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, wana MAD-X, programu ya kukokotoa njia ya chembe, ambayo inaweza kuendeshwa ndani ya Python kupitia cpymad, na wana Xsuite, mkusanyiko wa vifurushi vya Python. Unapakia faili la mashine, unaita amri ya twiss, na jedwali linajaa: beta (kipimo cha upana wa mwale wa chembe), alfa (mteremko wa beta, yaani kama mwale unajikusanya au unatawanyika) na fezi (hatua ya mtikisiko wa chembe). Sina ugomvi na programu hizo. Kinachonikera ni kumpa mwanafunzi jedwali kabla hajajua namba zake zimetoka wapi, halafu tunamlaumu akishindwa kuona kwamba zimeharibika.

Hesabu yenyewe haitishi. Mwaka 1952, huko Brookhaven, Marekani, Ernest Courant, Stanley Livingston na Hartland Snyder walionyesha kwamba sumaku za kwadrupoli, zenye ncha nne, zikipangwa kwa kupokezana, hii ikikusanya chembe na ile ikizitawanya, mwisho wa yote chembe hukusanyika. (Mgiriki Nicholas Christofilos alikuwa amewatangulia, na wao wenyewe walikuja kukiri.) Kila kipande cha njia ni matriki ya 2 kwa 2. Nafasi tupu yenye urefu d ni [[1, d], [0, 1]]. Lenzi nyembamba, yaani kwadrupoli iliyochukuliwa kuwa haina urefu, yenye fokasi f, ni [[1, 0], [-1/f, 1]]. Zidisha vipande vya seli moja, yaani mpangilio mmoja unaojirudia, jumlisha namba mbili za ulalo mkuu, gawanya kwa mbili: hiyo ndiyo kosine ya fezi. Ikizidi 1 au ikishuka chini ya -1, np.arccos ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, itarudisha nan ("si namba"). Usihangaike kuiondoa. Inakwambia mwale hautulii.

Chukua tao la LHC, mashine kubwa ya duara ya CERN. Seli yake ina urefu wa mita 106.9, na fezi husogea takriban nyuzi 90. Weka lenzi mbili za fokasi ya mita 37.8, moja chanya, moja hasi, zikiachana nusu seli. Beta inatoka kama mita 182 kwenye lenzi inayokusanya na 31 kwenye inayotawanya, karibu kabisa na mashine halisi, kwa msimbo unaoenea kwenye skrini ya simu.

Mitego nayo ina utamu wake. Ukizidisha kwa * badala ya @, NumPy huzidisha namba moja moja, na nafasi tupu mara lenzi inakuwa matriki ya utambulisho. Determinanti ni 1, kama inavyotakiwa, kila kitu kinaonekana salama, mpaka beta itoke sifuri kugawanywa kwa sifuri. Huo ni mtego wa wazi. Wa hatari ni mpangilio: kipande ambacho chembe inakutana nacho kwanza hukaa kulia kabisa. Ukiupindua, determinanti bado ni 1, fezi ni sahihi, hata beta ya pale seli inapoanzia ni sahihi. Alfa peke yake inageuka ishara, na mwale unaojikusanya unasomeka kama unaotawanyika. Ukipeleka namba hizo kwenye njia inayofuata, unaanza safari na mteremko wa kinyume. Aliyezoea jedwali tu atautambuaje huo?

Pale protoni zinapogongana ndani ya ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vikubwa vya LHC, mambo yanakuwa makali zaidi. Beta ikibanwa hadi sentimita 30, basi umbali wa mita 23 kutoka hapo, sumaku za kwanza za kukusanya zinapoanzia, imekwisha kuwa 0.3 + 23²/0.3, yaani zaidi ya mita 1,760, na ndani ya sumaku hizo hupanda hadi kilomita kadhaa. Kosa dogo la nguvu ya sumaku hapo linavuruga beta ya duara zima. Kwa kazi hiyo, pamoja na seksitupoli (sumaku zenye ncha sita) na sumaku zilizokaa upande kidogo, matriki zangu hazifui dafu. Nafungua MAD-X bila kusita.