Kamera ikishafika mwisho wa utumbo, mgonjwa ageuzwe au aachwe?

Kuna ubishi usioisha kwenye chumba chetu cha kolonoskopia hapa Mwanza. Daktari ameshaifikisha kamera mwisho wa utumbo mpana, sasa anairudisha polepole akikagua kuta. Mgonjwa ageuzwe, au aachwe ubavu wa kushoto kama alivyoanza? Mimi ni muuguzi, na mikono inayogeuza ni yangu. Naona pande zote mbili zina hoja, ila zinabishania kitu ambacho kilishaamuliwa nusu saa kabla.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Unaanzia chini kulia, jirani na kidole tumbo, unapanda hadi chini ya ini, unakata kwenda kushoto, ukifika karibu na bandama unashuka, halafu unajikunjakunja kabla ya kuingia kwenye puru. Tunaupuliza hewa ili utanuke. Hewa hukimbilia juu na maji hutuama chini, kama kwenye dumu lililojaa nusu ukililaza. Mgonjwa akilala kushoto, utumbo wa upande wa kulia uko juu, umetanuka, unaonekana vizuri. Ule wa kushoto uko chini, umesinyaa, na majimaji yaliyobaki baada ya dawa ya kuharisha yamejaa humo. Mlaze chali, sehemu ya katikati inafunguka. Mlaze kulia, kona ya bandama na utumbo unaoshuka vinakuja juu. Tunachotafuta ni polipu, vinyama vinavyoota ukutani, ambavyo baadhi hugeuka saratani baada ya miaka. Polipu bapa iliyojificha nyuma ya kunjo lililosinyaa inaweza kumpita hata bingwa.

Watafiti wa London walilipima jambo hili kwa wagonjwa 130, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Kila mgonjwa alikaguliwa kwa namna zote mbili. Walipogeuzwa, polipu za aina ya adenoma, zile zinazoweza kugeuka saratani, zilionekana kwa asilimia 34 yao. Walipobaki ubavu wa kushoto, asilimia 23. Wanaopenda kugeuza huishia hapo. Lakini mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la Kanada lenye wagonjwa zaidi ya 700, na tofauti haikuonekana. Mimi sioni kwamba moja linalifuta jingine. Daktari anayerudisha kamera bila haraka, anayefyonza maji na kurudia kila kunjo, ameshapata sehemu kubwa ya kile ambacho kugeuza kungempa. Anayekimbia chini ya zile dakika sita zilizohesabiwa kwa miaka mingi kuwa kiwango cha chini, hata umgeuze mgonjwa mara tatu hutamsaidia sana.

Wanaokataa kugeuza si wavivu, na inaniuma wanapoitwa hivyo. Mgonjwa akishachomwa midazolamu na pethidini, dawa za kutuliza na za maumivu, mwili unalegea na kuwa mzito kama gunia la mpunga. Ubavu wa kushoto unamlinda, kwa sababu mate na matapishi yanatoka nje badala ya kushuka kwenye mapafu. Ukimlaza chali, ulimi unaweza kurudi nyuma na oksijeni ikaanza kushuka. Hapo una muuguzi mmoja anayetazama mashine, anayeshika kidevu na anayetakiwa pia kumgeuza mtu wa kilo 90 kwenye kitanda chembamba, huku kamera iko ndani. Migongo ya wauguzi inaharibika hivyo. Ni kweli pia kwamba kugeuza hutuokoa kwingine: kamera inapokwama wakati wa kuingia, kumlaza chali mara nyingi kunaifungulia njia, na mimi napumzika kubonyeza tumbo kwa viganja viwili mpaka mabega yanawaka.

Kanda ya Ziwa ina jambo lake zaidi. Wengi wanaotuletea kilio cha damu kwenye choo wamekulia majini, Ukerewe, Kome, Magu, na kichocho cha tumbo kinajulikana kila nyumba. Madhara yake hukaa zaidi kwenye puru na utumbo wa chini kushoto. Kwa hiyo wapo wanaosema: tazama huko, inatosha, kugeuza kwa nini? Sikubali. Mtu wa miaka 55 anaweza kuwa na kichocho na polipu kwa pamoja, na kichocho kisiwe sababu ya kuacha kona ya bandama bila kukaguliwa.

Nilisema ubishi umeshaamuliwa mapema. Unaamuliwa na kiasi cha dawa ya usingizi. Mgonjwa aliyetulizwa kidogo tu, anayesikia akiitwa, hahitaji kugeuzwa, anageuka mwenyewe. Mzee mmoja wa Ukerewe nilimweleza yote akiwa bado amekaa kwenye benchi: "Mzee, nitakuambia geuka chali, halafu geuka kulia, nitakushika." Akajaribu palepale mara moja, nikaona nyonga yake ya kulia inamsumbua, tukajua mapema tuweke mto wapi. Kwa wazee ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili baada ya Kisukuma, maelezo hayo yatolewe na mwanawe aliyemleta, kabla ya sindano. Dawa ikishaingia, neno "geuka" halimfikii.

Aliyelala fofofo nitaendelea kumwacha kushoto, na nitasimama na daktari anayekataa kumsogeza. Kwa aliye macho lakini chumba kina mikono miwili tu, ningeomba mgeuzo mmoja badala ya yote: ubavu wa kulia, kamera inapofika kona ya bandama. Huko ndiko kulala kushoto kunatuficha zaidi, na kwa ubavu njia ya hewa inabaki salama kuliko chali.