Wazanzibari wa Conrad hawasemi neno

Ndani ya Heart of Darkness (yaani Moyo wa Giza), riwaya fupi ya Joseph Conrad kuhusu safari ya stima katika mto Kongo, wamo Wazanzibari. Wasomaji wengi huwapita bila kuwaona, na si ajabu, kwani mwandishi mwenyewe kawagusa kwa maneno machache tu. Marlow, msimulizi, anakwenda kwa miguu kutoka bandari ya chini hadi pale mto unapoanza tena kupitika. Njiani anamkuta mzungu aliyelewa, vifungo vya sare wazi, amepiga kambi na walinzi wenye silaha: Wazanzibari, wembamba warefu. Mzungu anajigamba kuwa kazi yake ni kutunza barabara. Marlow anasema yeye hakuona barabara wala matunzo, labda ile maiti ya mtu mweusi wa makamo, yenye tundu la risasi kwenye paji la uso, aliyojikwaa nayo maili tatu mbele, ndiyo ihesabiwe kuwa matengenezo.

Ugomvi wote kuhusu kitabu hiki, kama kinamshtaki mkoloni au kinamdhalilisha Mwafrika, umo humo. Kejeli ile inamvua nguo mkoloni kuliko hotuba ya saa nzima. Lakini maiti haina jina, na Wazanzibari hawafungui kinywa. Hatuambiwi walifikaje kubeba silaha za mfalme wa Ubelgiji, wanalipwa nini, wala wanamwonaje bwana wao mlevi.

Conrad hakuwa akihadithia mambo ya kusikia. Alizaliwa 1857 katika familia ya Kipolandi chini ya utawala wa Urusi, na wazazi wake walipelekwa uhamishoni kwa ajili ya siasa za uhuru. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Kibelgiji, akashuka Boma mwezi Juni, akatembea na msafara wa wapagazi kutoka Matadi hadi Kinshasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kisha akapanda stima iitwayo Roi des Belges hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Walipokuwa wakirudi, wakala wa kampuni aliyeitwa Klein, waliyemchukua huko akiwa mgonjwa, alifia chomboni. Conrad naye alirejea Ulaya mapema 1891 afya yake imevunjika. Hadithi ilitoka kwa sehemu tatu katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, na ikaingia kitabuni 1902.

Nchi aliyoipita haikuwa koloni la serikali yoyote. Tangu 1885 hadi 1908 Dola Huru ya Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II, aliyewaaminisha wakubwa wa Ulaya kwamba anakwenda kukomesha biashara ya watumwa na kupeleka ustaarabu. Ikumbukwe pia kwamba Conrad alipita kabla neema ya mpira, ule utomvu wa mimea ya msituni, haijapamba moto. Kitabu chake ni cha pembe za ndovu. Anayekisoma akitafuta mikono iliyokatwa ya zama za mpira hataikuta.

Wanaomtetea wana hoja nzito, na sipendi zinapopuuzwa kwa sababu tu upande wa pili una hasira ya haki. Tazama suala la mishahara. Mabaharia wa Kiafrika kwenye stima ya Marlow wanalipwa kila wiki vipande vitatu vya waya wa shaba, kila kimoja inchi 9 hivi. Eti wakanunulie chakula vijijini. Ila vijiji ama havipo, ama watu wake ni maadui, ama meneja hataki stima isimame. Nyama ya kiboko waliyokuja nayo imeoza, na sehemu kubwa imetupwa mtoni. Basi, anasema Marlow, isipokuwa wameze waya wenyewe au waukunje wanasie samaki, haoni mshahara ule uliwafaa nini. Anaongeza kwamba ulilipwa bila kukosa, kama inavyostahili kampuni kubwa yenye heshima. Sijui ukurasa mwingine wa zama hizo unaoonyesha wizi uliovalishwa daftari la malipo kwa wepesi namna hiyo. Ongeza manowari ya Kifaransa inayopiga mizinga msituni bila kuonekana mtu, watu waliofungwa minyororo shingoni, na kichaka ambako vibarua wagonjwa wameachwa wafe huku mhasibu wa kituo, jirani tu, anapita na kola iliyopigwa wanga. E. D. Morel, aliyeongoza kampeni ya kumwumbua Leopold, alikihesabu kuwa andiko lenye nguvu kuliko yote juu ya jambo lile.

Kuna pia Kurtz, wakala hodari wa pembe, msomi, aliyeandikia chama kimoja cha Ulaya ripoti ya kurasa 17 juu ya kukomesha mila za kishenzi. Maneno yake ni matamu mno, na chini kabisa ameandika kwa mkono unaotetemeka kwamba washenzi wote waangamizwe. Conrad aliona kuwa hotuba ile tamu na sentensi ile ya mwisho zimetoka kwa mtu yuleyule, kwa sababu zilezile. Wengi waliokuwa na elimu kumzidi hawakuliona hilo.

Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Shujaa Okonkwo, alisimama Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst Februari 1975 na kusema wazi kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi. Hoja yake haikuwa kwamba Conrad alimpenda Leopold. Alisema Afrika imegeuzwa pazia la jukwaani, Mwafrika akaondolewa kama binadamu, ili akili ya mzungu mmoja ipate mahali pa kuvunjikia. Akauliza kama kazi inayofanya hivyo yafaa kuitwa sanaa kubwa, akajibu hapana.

Ushahidi wake ni mgumu kuukwepa. Waafrika wa kitabu hiki karibu hawazungumzi. Mara moja wanaomba wapewe maadui wawale, mara nyingine kijana anachungulia mlangoni kutangaza kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba Kurtz amekufa. Mwanamke wa Kikongo anasimama ukingoni mwa mto amejaa mapambo, anainua mikono, basi. Mchumba wa Kurtz kule Ulaya anapewa mazungumzo marefu, majonzi, na uongo wa kumfariji. Halafu kuna mchochea moto wa stima, aliyefunzwa kwa miezi michache tu na anaimudu boila. Marlow anakiri anaifanya kazi, kisha anasema kumtazama ni kama kumtazama mbwa aliyevishwa suruali na kofia ya manyoya, anatembea kwa miguu ya nyuma.

Watetezi hujibu kwamba anayesema ni Marlow, si Conrad. Ni jibu zuri kwa mtihani, lakini halitoshi. Msimulizi asiyeaminika huonekana kuwa haaminiki pale mwandishi anapotuachia ufa wa kuchungulia. Kuhusu Wazungu Conrad ameacha nyufa tele, hata Marlow mwenyewe tunamkamata akidanganya. Kuhusu Waafrika hakuacha hata mmoja, ingawa kipaji alikuwa nacho. Edward Said, mhakiki wa Kipalestina, katika kitabu chake cha 1993, alilisema vizuri zaidi: Conrad aliweza kuuona ubeberu kuwa ni uporaji, ila hakuweza kuwaza kwamba wanaoporwa wangeweza kuishi wakijitawala.

Wapo wanaokimbilia kusema kwamba ndizo zilikuwa zama zake. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Julai 1890, wiki chache tu kabla ya Conrad kufika Stanley Falls, palepale Stanley Falls, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold. Williams alikuwa amepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kuandika historia ya watu weusi wa nchi yake. Barua yake ni ya mashtaka, yamepangwa kama mahakamani. Anaeleza jinsi machifu walivyonyang'anywa ardhi: wakala alificha chini ya koti betri za umeme zilizonunuliwa London, zikaunganishwa na utepe uliopita kwenye kiganja, hivyo chifu akipeana naye mkono anaruka kwa mshtuko na kuamini mzungu ana nguvu zisizo za kawaida. Williams alijuaje? Aliuliza watu. Zama zilikuwa hizohizo, mto uleule, maporomoko yaleyale. Alichokuwa nacho yeye ni imani kwamba mwenyeji anaweza kuwa shahidi. Tofauti ni kwamba barua yake haisomwi shuleni, na riwaya inasomwa.

Hadi hapa mimi ni wa upande wa Achebe. Ila sisi tunaosoma Kiswahili tuna kitabu kingine cha mto huohuo, na hakitupi raha.

Stanley Falls aliyoifikia Conrad ilikuwa eneo la Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye Leopold alimteua kuwa wali wake, yaani gavana, huko mwaka 1887. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa kuanzia 1902, mwaka uleule riwaya ya Conrad ilipoingia kitabuni. Humo bara lina watu. Machifu wana majina, ukoo, hila na kiburi. Nsama wa Itawa anapigwa, na pembe zake zinakwenda. Kwa chifu Kasongo Rushie mwandishi anajifanya mjukuu wa ukoo na kukabidhiwa utawala wa Utetera, na anasimulia bila haya, kama mtu anayetamba barazani. Hakuna giza lolote la kishairi hapo, ni bei, njia, vita na frasila za pembe. Anayedhani Kongo ya wakati ule haikuwa na siasa zake asome kurasa kumi tu.

Lakini waulize hao wanaobeba pembe wanasema nini. Nao hawasemi. Wapagazi wanakimbia, mateka wanagawanywa, vijiji vinachomwa, na kalamu inaendelea na hesabu. Tippu Tip anamsikia chifu kwa sababu anafanya naye biashara, mtumwa hana alichokuja kununua. Kwa hiyo Mwafrika aliyenyamazishwa hakunyamazishwa na Mpolandi peke yake. Hapo hoja ya Achebe haianguki, ila inatugeukia kidogo, maana Wazanzibari wenye bunduki walioshuhudia barabara isiyokuwepo hawakupelekwa pale na upepo.

Kwangu, basi, Heart of Darkness ni hati bora kuhusu Ulaya na hati mbovu kuhusu Kongo. Nisingependa iondolewe madarasani. Kinachonikera ni matumizi yake ya leo, pale kila mapigano yanapotokea mashariki mwa Kongo jina la riwaya linachomolewa kuwa kichwa cha habari, kana kwamba mwandishi wa 1899 alikuwa mtabiri wa hali ya hewa. Conrad alikuwa akisema giza limepakiwa Brussels na London. Anaanza hadithi yake mtoni Thames, akikumbusha kwamba Uingereza nayo iliwahi kuwa pori la Warumi. Wanaokopa jina lake wameacha nusu hiyo.

Kama ni kufundisha, ningeanza na barua ya Williams, ndipo Conrad, halafu kurasa za Tippu Tip, na kumalizia na ripoti ya Roger Casement ya 1904. Casement na Conrad walikutana Matadi mwaka ule wa 1890. Casement aliporudi juu ya mto 1903, akiwa konseli wa Uingereza, alikaa na watu waliokimbia kazi ya mpira akaandika waliyomwambia kwa maneno yao: nani alichukuliwa, nani alipigwa, kwa kikapu gani kilichopungua. Ripoti ilipochapwa London, wizara ilifuta majina ya watu na mahali ikaweka herufi. Casement alikasirika sana.