Gemu naijua, menyu ndiyo inanishinda

Siku hizi gemu za kurushiana risasi mtandaoni zina mlango mgumu kuliko maadui waliomo ndani. Adui anakuua, unarudi, unajifunza mbinu zake, mwisho unammaliza. Menyu haikupi nafasi hiyo, maana ukishaanza kuizoea inapangwa upya na majina yanabadilishwa.

Chukua Destiny 2, gemu ya kampuni ya Bungie iliyotoka Septemba 2017. Julai 2025, pamoja na nyongeza ya The Edge of Fate, ililetewa menyu mpya iitwayo Portal. Nia ilikuwa njema: badala ya kuzunguka kwenye ramani za sayari ukitafuta cha kufanya, ukute shughuli zimekusanywa mahali pamoja. Makundi makuu yakawa Solo Ops, Fireteam Ops, Pinnacle Ops na Crucible.

Yasome tena taratibu. Solo Ops inataja idadi ya watu: uko peke yako. Fireteam Ops nayo inataja idadi: uko na kikosi. Pinnacle Ops haigusi idadi kabisa, inazungumzia kilele, yaani ugumu na zawadi zake. Crucible ni jina la uwanja tu. Kama huijui hadithi ya gemu, huwezi kukisia kwamba huko ndiko wachezaji wanapigana wao kwa wao. Ni kama duka lililopanga rafu mbili za kwanza kwa bei, ya tatu kwa rangi, na ya nne ikapewa jina la shangazi wa mwenye duka. Kila rafu ina mantiki yake, ila mteja aliyesimama mlangoni hajui aanzie wapi.

Najua jibu la wakongwe: cheza wiki moja tu, utazoea. Sawa, lakini mkongwe hasomi menyu, kidole chake kinakumbuka njia. Ndiyo maana yeye ndiye anayelalamika zaidi njia ikihamishwa. Angalia strike, misheni fupi ya watu watatu inayoishia kwa bosi, ambayo ipo tangu Destiny ya kwanza ya 2014. Imewahi kukaa chini ya jina lake yenyewe, ikaja kuwekwa chini ya Vanguard Ops, sasa iko ndani ya Fireteam Ops. Kazi ni ileile: ingia, safisha njia, ua bosi, chukua chako. Kilichohama ni kibao cha mlangoni.

Halafu kuna kichekesho cha Adept. Kwa kipindi fulani Nightfall, yaani strike iliyotiwa ukali, ilikuwa na ngazi tano: Adept, Hero, Legend, Master na Grandmaster. Adept ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Mwaka 2021 zikaletwa silaha za Nightfall za daraja la Adept, bora kuliko za kawaida, na ili uzipate ilibidi umalize Grandmaster. Kwa hiyo mgeni aliyesikia wenzake wakisifia bunduki ya Adept, akaingia Nightfall ya Adept kuitafuta, angecheza mpaka alfajiri bila kuiona. Baadaye majina ya ngazi yalibadilishwa, lakini miaka yote hiyo kuna mtu ofisini aliyaona yote mawili akasema yapite.

Call of Duty, gemu nyingine ya risasi yenye matoleo mengi, ina ugonjwa wa aina nyingine. Kuna Modern Warfare 2 ya 2009 na Modern Warfare II ya 2022. Mwambie mdogo wako akununulie moja uone ataleta ipi. Warzone 2.0, sehemu yake inayochezwa bure, ilikuja Novemba 2022, mwaka uliofuata namba ikaondolewa. Na tangu ilipoletwa Call of Duty HQ, unafungua menyu moja ili ikupeleke kwenye menyu nyingine. Lakini ukishafika ndani, nawapa haki yao kwa majina ya aina za mechi: Team Deathmatch (timu kuuana), Domination (kushika maeneo), Search and Destroy (kutega bomu au kulizuia). Majina haya hayabadilishwi ovyo. Neno deathmatch liko kwenye gemu tangu Doom ya 1993, na hata mtu aliyeacha kucheza miaka kumi akirudi anajua anaenda kufanya nini. Tena kuna Quick Play, unachagua aina za mechi unazozitaka na kuziacha nyingine. Hakuna hadithi wala mafumbo.

Mimi nikikaa kucheza jioni nina maswali machache. Nina dakika arobaini, zinatosha? Niko peke yangu, nitatafutiwa wenzangu au nibaki nasubiri? Nikiitwa kula katikati, nitaharibia watu? Nikimaliza napata nini? Jina liwe zuri kiasi chochote, liitwe hata Jehanamu ya Saba, mradi chini yake kuna mstari mmoja wa maandishi makubwa unaojibu hayo. Sio maelezo yaliyofichwa nyuma ya vitufe vitatu.

Kwenye simu, ambako wengi wetu tunachezea, ongeza swali la bando. Gemu nyingi za aina hii huziacha ramani nje mpaka uzipakue mwenyewe. Mtu anagusa picha yenye jina tamu, kumbe ndani hamna kitu bado, kuna upakuaji tu. Ukubwa wa faili uandikwe juu ya picha yenyewe, MB ngapi, kabla kidole hakijagusa.