Ua la paka

Usiku wa kuamkia sikukuu, ukumbi wa Bi Mkubwa pale Kikwajuni hujaa wanawake mpaka viatu vinakosa pa kuwekwa. Wachoraji wa hina Unguja wamejaa kila uchochoro, lakini Bi Mkubwa ni fundi. Majani ya mhina anasaga mwenyewe, unga anauchekecha kwa kitambaa chepesi, anaukanda kwa maji ya ndimu na kuuacha ulale. Ukimtajia piko la dukani atakwambia hiyo ni dawa ya nywele, kaipake nywele, ngozi haijakukosea kitu.

Na kuchora kwake, jamani! Koni mkononi, mdomo unalalamikia bei ya nyama, na mstari unakwenda tu. Nilimchungulia macho: hatazami pale koni ilipo, anatazama pale ambapo bado haijafika. Mwanafunzi wake anachora ulimi nje, jicho kwenye simu, na mawaridi yake yote yanatoka kabichi. Kwake hapakuwa na foleni. Mie nikangoja kwa bibi.

Basi kanimaliza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na miguu. Nikaegemezwa ukutani, viganja vinatazama dari. "Usijitikise mpaka ikauke." Hapo ndipo pua inapokumbuka kuwasha. Redio inaguruma, sote tunamsubiri Mufti.

"Mwezi umeandama!"

Vigelegele, mbio, wote barazani. Nikabaki mie, bakuli la hina, na paka wa nyumba.

Sahani ya samaki wa kukaanga ilikuwa kwenye kimeza upande wangu wa kushoto. Paka kaiona. Tukatazamana. Nikamfanyia "ksss!" Nikampuliza. Nikamtolea macho. Wapi! Paka aliyekulia nyumba ya hina anajua vizuri nani hana mikono. Kakanyaga ndani ya bakuli, kapanda mkono wangu, pa, pa, pa, huyo kwenye sahani.

Na simu nayo ikaita. Mavyaa. Simu ya mavyaa usiku wa sikukuu haiachwi, hata paa likiungua. Nikainama nikaipokea kwa pua, na pua ikabonyeza na spika.

"Mwanangu, kesho nitapita kwako kula sikukuu..."

"Toka hapa, mlafi mkubwa we! Huna haya, kila siku kudoea tu!"

Kimya. Kisha nikasikia, polepole sana: "Haya, mwanangu." Akakata.

Waliporudi wakanikuta nalia na machozi siwezi kuyafuta. Nyayo za paka zimekatiza katikati ya mti mzima aliouchora Bi Mkubwa. Mwanafunzi kashika kichwa, anataka tuoshe. Tuoshe nini, na hina ikishaushika mwili rangi imeshaingia?

Bi Mkubwa akauinua mkono kwenye taa, akaugeuza, akaguna. "Kaanza vizuri. Hajui kumaliza tu."

Hakufuta hata unyayo mmoja. Alama za vidole akazivuta ncha zikawa majani ya ua, ile ya kitako ikawa moyo wake, kikonyo akakiteremsha kikashikana na tawi lililokuwepo, na huku kaishaendelea na habari za nyama. Kisha akaudaka mkono wa kulia, ambao ulikuwa mzima, akapachika na huko maua yaleyale. Nilipokuja kuubandua unga ulipokauka, sikujua tena lipi la paka na lipi lake.

Siku ya kwanza rangi ilikuwa ya chungwa, ya pili ikakolea ikawa hudhurungi, na pale Mnazi Mmoja kila msichana ananishika mkono: umechorwa wapi? Mavyaa nilimweleza habari ya paka tangu mwanzo mpaka mwisho. Akasema amenielewa. Biriani hakuigusa.

Idi kubwa ilipofika, wateja wote wanataka ua la paka. Nimekaa zamu yangu, mara nasikia vishindo uani: mwanafunzi na bakuli la hina anamfukuza paka, kamkamata, anamchovya mguu. Paka kamparura kuanzia kiwiko mpaka kidole, karuka ukuta. Mteja wake kakaa pale, kaunyoosha mkono mweupe, anasubiri.

Bi Mkubwa hakunyanyua hata kichwa. "Mwache paka wangu. Leo hana zamu."