Kipimo cha Gogo Kianzie Puani

Juzi kijana mmoja aliniletea kinyago cha kibonzo alichokichonga kwa siku nne: muuza kahawa wa mtaani, kofia ya kiua kichwani, birika mkono wa kulia, vikombe mkono wa kushoto. Mikunjo ya kanzu ameipata vizuri kuliko wachongaji wengi waliomzidi umri. Nilipokigeuza ubavu, nikaona pua imelala usoni kana kwamba imebanwa na kioo, na viwiko vimegandana na mbavu. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa unyenyekevu, "Mti uliniishia, fundi."

Mti haukumwishia, ulikuwa mwembamba tangu alipoununua. Alikwenda penye mbao akachukua kipande cha paina cha mbili kwa mbili, akakikata inchi 8 kwa kuwa alitaka kinyago cha inchi 8. Kosa hili ni letu sisi wakubwa. Mteja huulizia urefu, nasi bei tunaitaja kwa urefu, basi mwanafunzi anakua akiamini kwamba urefu ndio kipimo cha kazi.

Mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na kitu. Katika kibonzo tunakikuza kichwa hadi kiwe robo ya umbo lote, au moja ya tano, kwa hiyo muuza kahawa wa inchi 8 anadai kichwa cha inchi 2 kutoka kidevuni hadi utosini. Kina cha kichwa kutoka kwenye paji hadi kisogoni kinakaribia urefu huohuo, na hapo pua, ambayo ndiyo inayomfanya mtazamaji acheke kabla hajajua anacheka nini, bado haijapata mahali pa kukaa. Tena mbili kwa mbili ikishapigwa randa haibaki inchi 2 kamili. Kwa umbo lile mimi ningetafuta upana wa inchi 3 na nusu kwa ajili ya viwiko, kina cha inchi 3 kwa ajili ya pua na birika, na urefu wa inchi 9, ile moja ya ziada ikiwa ya kubana kwenye jiliwa na kukatwa mwishoni.

Asiye na kipande kinene hajakosa njia kabisa. Ageuze kichwa ili pua itokee kwenye pembe ya mti badala ya ubapa wake, maana kutoka pembe hadi pembe mbili kwa mbili isiyopigwa randa ina karibu inchi 2.8. Muuza kahawa atakuwa anatazama begani, kama anayeitwa na mteja, na kinyago kitapata uhai. Lakini uamuzi huo hufanywa kwa penseli, kabla patasi haijagusa mti.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo mabingwa wasiopima. Katika mtindo wa shetani, yaani wa kuchonga viumbe vya ajabu, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, mchongaji wa Kimakonde huweza kuuacha mpindo wa gogo umwonyeshe kiumbe kilichomo. Shetani akikosa mkono, hubaki shetani. Muuza kahawa akikosa kiwiko, birika halishikiki. Mkono wa kubandikwa kwa gundi nao unakubalika, hasa unaponyooka mbele, kwa kuwa nyuzi za mti zilizokatwa kwa upana huvunjika upesi.

Kwenye mpingo kosa hili linaniuma zaidi, kwa sababu mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Usipime gogo pamoja na ile sehemu nyeupe ya nje. Pima weusi, tena kwenye ncha zote mbili, kwa kuwa moyo wa mpingo huweza kupinda ndani kwa ndani au kuwa na uwazi, na uso ulioupangia weusi ukaangukia kwenye ufa.

Yule kijana tulimpatia kipande cha mninga kilichobaki kwa fundi wa samani. Tukachora umbo la mbele kwenye ubapa mmoja na la ubavu kwenye wa pili, tukianzia kwenye ncha ya pua na kurudi kisogoni. Mbele ya pua pamebaki nusu inchi ya mti, naye ameomba asiikate kwanza mpaka aone birika limefika wapi.