Kubadilisha rangi tu, nayo hadi leseni!

Unafungua mipangilio ya mwonekano wa kompyuta, unakuta vitufe vyote vimefifia na maandishi juu yanakuamuru uamilishe Windows kwanza, yaani uthibitishe leseni yake. Kona ya chini kulia nako yale maandishi ya kijivu yameganda, hata ukitazama filamu. Na mashine uliinunua na leseni yake!

Kinachoudhi zaidi, picha ya mandhari ya skrini yenyewe haijafungwa kweli. Ibofye kwa kitufe cha kulia ndani ya folda, chagua iwe mandhari, inakubali. Mlango umetiwa kufuli, dirisha liko wazi. Rangi ndizo zitakazogoma.

Kabla ya kufuta kila kitu na kuanza upya (mbona watu hukimbilia huko?), bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika amri slmgr /dli, usome toleo na hali ya leseni. Mara nyingi tatizo liko hapo: leseni ni ya toleo la Home, fundi akapachika toleo la Pro. Ufunguo wa Home, herufi zake zote 25, hauifungui Pro hata uuandike mara mia.

Kosa 0xC004F211 ni habari nyingine: vifaa vimebadilika, kwa kawaida ubao mama (bodi kuu ya kompyuta). Ingia kwa akaunti ya Microsoft iliyounganishwa na leseni, fungua kitatuzi cha matatizo kwenye ukurasa wa kuamilisha, uchague kwamba umebadilisha vifaa vya ndani ya kompyuta karibuni. Hukuwahi kuunganisha akaunti? Pole.

Saa nayo iangalie. Betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ya kompyuta ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma na seva ya kuamilisha inakukatalia.