Mwili Anao, Miguu Je?

Kijana alipoingia ukumbi wetu wa ndondi mara ya kwanza, waliokuwa wakiruka kamba walisimama wakamtazama. Ilimbidi ainamishe kichwa kupita mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka 19, kilo 118, na mabega ya mtu aliyezoea kubeba magunia ya viazi. Na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, hapa hapa Nakuru sokoni. Kocha wa klabu hiyo alimzunguka mara moja, akampiga kofi mgongoni, akasema, "Huyu hana mengi ya kufundishwa. Mwili anao."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka mitatu sasa. Nimeyasikia tena na tena, Nakuru na Kisumu, kila anapotokea kijana pandikizi la mtu, na kila mara yananiuma, kwa sababu nimeona yanakowapeleka vijana hawa. Leo nataka kuyajibu.

Nakubali kwanza kwamba ukubwa ni faida. Anayebisha hajawahi kuegemewa na mtu wa kilo 118 kwa dakika tatu. Mimi nilikuwa na kilo 84 nilipoanza kumshikia kijana huyu pedi, na siku moja tukapanda ulingoni tukapigana taratibu tu, ngumi nyepesi. Alichofanya ni kunikumbatia na kuniwekea uzito wake shingoni. Shingo ndiyo iliyoanza kuuma, yakafuata mabega, kisha mapaja yakaanza kutetemeka. Hakuwa amenirushia konde lolote la maana, lakini kengele ilipolia nilikuwa nimekwisha. Tyson Fury, bondia Mwingereza wa uzani wa juu, alimfanyia Mmarekani Deontay Wilder hivyo hivyo Februari 2020: alipanda na kilo 124 dhidi ya 105, akawa anamlalia kila walipokumbatiana, na raundi ya saba wasaidizi wa Wilder wakatupa taulo, yaani wakasalimu amri.

Halafu kuna urefu, ambao kwangu mimi una thamani kuliko kilo. Mwenye mkono mrefu anakupiga jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ukiwa bado unatafuta njia ya kumfikia, na kila hatua unayopiga kumsogelea unailipia usoni. Wladimir Klitschko, mtu wa sentimita 198, alikaa bingwa kuanzia 2006 hadi 2015 akitumia jebu hiyo na mkono wa kulia nyuma yake. Aliyekuja kumvua mikanda ni Fury, ambaye ni mrefu kumzidi. Na mwaka 1992 Evander Holyfield, shujaa asiyejua kurudi nyuma, alikutana na Riddick Bowe aliyemzidi kilo 13 na bado alikuwa na ufundi. Bowe akashinda kwa alama. Mkubwa anayejua kazi yake ni balaa, na hilo halina ubishi.

Hata wenye kutunga sheria wanalijua. Katika uzani mwingine wote mabondia hupimwa kwa makini, na kilo tatu tu zinatosha kumhamisha mtu kutoka daraja moja hadi jingine. Uzani wa juu wa ngumi za kulipwa peke yake ndio hauna kikomo: ukishapita ratili 200, yaani karibu kilo 91, unaweza kupangiwa mtu yeyote, hata awe amekuzidi kilo 40. Ndiyo maana Michezo ya Olimpiki ya 1984 iliongeza daraja la waliozidi kilo 91, na WBC, mojawapo ya mashirika ya ngumi za kulipwa duniani, mwaka 2020 ikaanzisha daraja jipya katikati, la kilo 91 hadi 101.

Lakini mwenye kilo 130 hamzidi mwenye kilo 100 kama vile mwenye kilo 100 anavyomzidi mwenye kilo 70. Ngumi ya mtu wa kilo 90 anayejua kuisukuma kutoka kwenye nyayo, ikapita nyongani, ikafika begani, inatosha kumlaza binadamu yeyote. Taya haliwi gumu kwa sababu tumbo limeongezeka. Wilder yule yule, katika pambano lao la kwanza la Desemba 2018, alikuwa na kilo 96 tu, na akamwangusha Fury mara mbili. Jack Dempsey alikuwa na kilo 85 mwaka 1919 alipomwangusha Jess Willard wa kilo 111 mara saba katika raundi ya kwanza. Primo Carnera wa Italia, jitu la karibu kilo 120, alitwaa ubingwa 1933, na mwaka uliofuata Max Baer akawa anamwangusha na kumwangusha tena mpaka refa akalimaliza pambano raundi ya 11. David Haye alizidiwa zaidi ya kilo 40 na Nikolai Valuev, mtu wa sentimita 213, mwaka 2009 na bado akamshinda kwa alama.

Na Oleksandr Usyk wa Ukraine, jamani. Mei 2024 alipokutana na Fury kule Riyadh nilikesha, maana saa zao ni sawa na zetu, na pambano lilianza usiku wa manane. Raundi za kati Fury alikuwa anacheza naye, nikaona kama ile hoja ya mwili imeshinda. Kisha raundi ya tisa Usyk akampeleka kwenye kamba, akamshindilia mpaka refa akaingilia kuhesabu. Marudio ya Desemba Fury alipanda na karibu kilo 127, Usyk 102. Majaji wote watatu waliandika 116 kwa 112, wakampa Usyk. Ukilitazama tena pambano hilo usitazame mikono ya Usyk. Tazama miguu. Haipumziki. Kila Fury anapotaka kutulia arushe, mtu hayupo pale alipokuwa. Na kugeuza kilo 127 kila baada ya sekunde mbili, kwa raundi 12, ni kazi ya punda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Andy Ruiz na Anthony Joshua, kwa sababu ni watu wale wale wawili katika mwaka mmoja. Juni 2019, katika Madison Square Garden ya New York (sisi wa Nakuru tuna ukumbi wetu wa ndondi wenye jina hilo, na najua tuliokuwa tukiangalia tulilitamka kwa fahari), Joshua alikuwa mrefu kwa sentimita 10, mwili wa kuchongwa, kilo 112. Ruiz alikuwa mfupi, tumbo limening'inia juu ya bukta, kilo 121. Watu walimcheka. Joshua alimwangusha raundi ya tatu, na Ruiz aliponyanyuka akaanza kurusha mikono yenye kasi ambayo hakuna aliyeitegemea kwa mtu wa umbo lile. Joshua alikwenda chini mara nne, na raundi ya saba ikawa mwisho.

Desemba wakarudiana Saudi Arabia. Ruiz aliongeza kilo saba. Joshua alipunguza kama tano. Usiku huo Joshua hakutaka vita: alirusha jebu, akaondoka, akarusha jebu, akaondoka, na Ruiz alimfuata raundi 12 bila kumfikia. Baadaye Ruiz alikiri mwenyewe kwamba alinenepa kupita kiasi na hakufanya mazoezi ya kutosha. Urefu wa Joshua ulikuwa ule ule wa Juni. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alijua kuutumia, na uzito aliojiongezea mwenzake ukawa mzigo wa Ruiz mwenyewe.

Naomba pia tuache kumtaja Muhammad Ali wa Kinshasa 1974 kama mdogo aliyemshinda mkubwa. Nasikia hilo kila mara. Ali alikuwa mrefu sawa na George Foreman, na uzito wao uliachana kwa kilo mbili hivi. Alichomzidi ni akili, pumzi na moyo wa kupokea makonde akiwa kwenye kamba.

Sasa nirudi nyumbani. Kenya ina medali saba za Olimpiki katika ndondi, na zote zimetoka kwa mabondia wa kilo 75 kwenda chini. Philip Waruinge wetu wa Nakuru, mwenye uzito wa unyoya, alileta shaba 1968 na fedha 1972, na kule Mexico 1968 akatuzwa kombe la Val Barker kwa ufundi wake kuwapita mabondia wote wa uzani wote. Robert Wangila alitwaa dhahabu Seoul 1988 katika uzani wa welter. Waliofuata nyayo zao walifundishwa ufundi kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Mtoto wa kilo 51 hana mwili wa kutegemea. Mkubwa ndiye tunayemwacha. Elly Ajowi, bondia wetu wa uzani wa juu, alipofika Olimpiki ya Tokyo 2021 alikutana na Julio César La Cruz wa Cuba, akashindwa. La Cruz miaka mitano kabla ya hapo alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kilo 81. Alipanda daraja na miguu yake ile ile, akachukua dhahabu ya pili.

Kijana wetu alipewa medali yake ya kwanza bila kurusha ngumi. Walikuwa wawili tu katika uzani wao, na mwenzake hakutokea. Alivishwa, akapigwa picha, akaambiwa yeye ni bingwa. Miezi minne tangu aanze mazoezi, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha jinsi ya kuzunguka kushoto. Pambano lililofuata alipata mpinzani wa kilo 95. Nilikuwa kona yake na ndoo. Raundi ya kwanza alimsukuma jamaa huku na huku, ukumbi ukashangilia. Ya pili mdomo ulikuwa wazi. Ya tatu mikono ilishuka hadi kiunoni, na alipigwa ngumi ambazo nilizihesabu mpaka nikashindwa kuendelea kuhesabu. Refa alichelewa. Alipokaa kwenye kiti aliniuliza, "Kaka, mbona sikuwa na nguvu? Si mimi ndiye mkubwa?"

Hilo swali ndilo lililonitoa katika klabu ile. Nilimpeleka kwa mzee mmoja aliyepigana uzani mwepesi wa bantam enzi zake, mtu wa kilo 60 hata leo. Siku ya kwanza mzee hakumvalisha glavu. Alivua viatu, akasimama chini ya kwapa la kijana, akamgusa mbavu kwa vidole viwili mara tatu kabla kijana hajamaliza kugeuka. "Umeona nilipo?" akamuuliza. "Sijakuona, Mzee." "Basi tuanzie hapo, mwanangu."

Alichora kwa chaki mraba sakafuni, kama ukubwa wa meza ya chai, akamwambia arushe jebu mia bila mguu kutoka nje ya mraba. Kamba ilifungwa kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa kifua, na kijana akawa anapita chini yake kushoto na kulia mpaka magoti yakakataa. Tulihangaika na kamba ya kuruka wiki tatu nzima. Dakika moja, ananasa. Dakika mbili, ananasa.

Sasa ana kilo 109 na anaruka raundi nne. Jebu yake imeanza kuwa ndefu kama mkono wake. Mwanzoni alikuwa akiikunja nusu njia. Tatizo letu kwa sasa ni mtu wa kufanya naye mazoezi ulingoni. Hapa Nakuru wote tuliowapata ni wa kilo 80 kushuka, na mzee hataki awazoee hao. Kisumu amepatikana mmoja wa kilo 112, na kocha wake amekubali. Jumamosi alfajiri tunapanda matatu, na kijana ameshasema atalipia viti viwili.